Mwaka Mmoja Bila Kuanguka

Ukitaka kumjua wifi yangu Kristiana, usianze na ugonjwa wake kama watu wa Milanzi wanavyopenda kuanza. Anza na maharage. Miaka ile soko lilipofunguliwa na kila mtu akawa mfanyabiashara, hata asiyejua kujumlisha, Kristiana alipeleka madebe mawili mjini Sumbawanga. Mnunuzi mmoja wa Tunduma akaja na bei nzuri. Kristiana akamwambia kwamba debe la pili limebunguliwa huku chini. Yule bwana hakuwa ameuliza. Nilimkanyaga mguu, akanitazama kana kwamba nimemkanyaga kwa bahati mbaya, kisha akarudia maneno yake vizuri zaidi. Tulirudi nyumbani na debe moja kichwani. Njia nzima nilimsema, na yeye alicheka tu, akisema kwamba yule bwana angeyaona mwenyewe akifika kwake.

Huyo ndiye Kristiana. Hakuwa mtakatifu. Alikuwa na kiburi cha kazi, na aliwahi kuninyima chumvi wiki nzima kwa sababu nilisema matuta yake yamepinda. Lakini uongo haukumkaa mdomoni. Nayasema haya mapema kwa sababu ukweli wake ndio uliomuua, ukisaidiwa na mimi.

Kaka yangu Zenon alimwoa kutoka kijiji cha Kaoze. Kristiana alikuja na kovu la moto mkono wa kushoto, kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, na wazazi wake walituambia ni maji ya moto. Yeye mwenyewe alikuwa ameshamwambia Zenon siku ya kwanza kabisa kwamba ana kifafa tangu alipokuwa na miaka kumi na mitatu, na kwamba mkono ule uliungulia kwenye mafiga, watu wa nyumbani kwao wakiwa wamesimama mlangoni wakiogopa povu. Zenon alimpenda hivyo hivyo. Mama yetu, Bertilla, alikubali shingo upande. Watu wetu huamini kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa na wewe umeupata, kwa hiyo mtu akianguka wenzake hurudi nyuma. Sisemi nilikuwa bora kuliko wengine. Nilikuwa wa kwanza kurudi nyuma.

Tulikaa karibu. Nyumba ya mama, ambamo na mimi nilikaa, ilikuwa upande huu wa kijito, na nyumba ya Zenon upande wa pili, shamba likiizunguka. Katikati ya kijito kuna jiwe pana tunalofulia nguo, na ndilo tulilovukia. Zenon mwenyewe alikuwa Kasanga muda mwingi, akipakia na kupakua mizigo ya boti ziendazo Zambia na Kongo. Kila baada ya miezi miwili alikuja na samaki wakavu aina ya migebuka na habari za ziwa, akakaa wiki, akaondoka.

Monika alizaliwa mwezi wa sita mwaka tisini na tatu. Alipokuwa na miezi minane, mama yake alianguka akiwa amempakata karibu na moto. Mtoto alibiringika upande wa mlango, hakuungua hata unywele. Mama Bertilla, aliyekuwa amekuja kuomba ungo, alimwokota, akamfunga mgongoni, akavuka naye kijito. Jioni ile baba mkubwa Yohanes, mkubwa wa ukoo wetu, aliita watu na kuamua. Mtoto atalelewa na bibi yake. Siku Kristiana atakapomaliza mwaka mzima bila kuanguka, atarudishiwa mwanawe mbele ya watu wote. Kristiana alikubali palepale. Alisema ni haki, hata yeye asingemwacha mtoto mikononi mwa mtu kama yeye. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, na tukamsikia akilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu yeyote.

Tangu siku ile Monika alilala kitandani kwangu. Mimi sina mtoto. Mume wangu alikwenda Mpanda kutafuta dhahabu, akapata dhahabu yenye miguu miwili, akahamia kwake. Kwa hiyo mtoto yule alikuwa joto la mgongo wangu kila usiku wa baridi ya Ufipa, na baridi yetu ya mwezi wa saba unaijua. Mama yake alikuja kila asubuhi kumsalimia na kumsuka nywele, na moto ulipowashwa aliondoka bila kuambiwa. Watu wote walimwita Mama Monika. Sikuwahi kufikiria jina lile lilimchoma kiasi gani.

Eustace aliingia katika habari hii mwaka tisini na nne. Alikuwa mtu wa nyumbani aliyefanya kazi miaka kumi na minne katika hospitali moja ya mbali, msaidizi wa daktari wa Kichina, mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi na yeye akapunguzwa. Alirudi na sanduku la nguo na kisanduku cha plastiki chenye nyaya, alichoachiwa na yule daktari. Ruhusa ya watu binafsi kutibu ilikuwa imeshatoka, na yeye akapanga chumba kimoja Milanzi, kati ya fundi viatu na duka la mitumba. Watu walimwita daktari, akakataa. Alisema yeye ni mtu wa sindano tu, zile za Kichina zisizo na dawa ndani.

Kristiana alipoamua kutibiwa kwake, mimi nilitumwa na ukoo niwe shahidi. Baba mkubwa alisema mgonjwa hawezi kujihesabia mwenyewe, na katika nyumba yetu mwenye macho makali ni Adela. Nilijivuna, nisidanganye. Siku ya kwanza Eustace alitazama kovu la Kristiana, akauliza anaanguka mara ngapi. Kristiana akasema mara nyingi. Eustace akasema hiyo si hesabu. Alinipa chupa tupu ya dawa ya kikohozi, akaniambia kila anapoanguka nitie punje moja ya mahindi, na turudi baada ya miezi mitatu. Hakumgusa na sindano hata moja. Alimwandikia tu aendelee na tembe zake nyeupe za kifafa, kila siku, saa ile ile, kwa sababu Kristiana alikuwa akizimeza siku zilipopatikana na kukaa bila siku zilipokosekana.

Tulirudi na punje kumi na tatu. Eustace akazimwaga mezani, akazihesabu mara mbili, akaandika. Ndipo akamlaza kifudifudi. Alimchoma sindano nyembamba mno, mbili nyuma ya shingo pale chini ya fuvu, moja utosini, mbili chini ya magoti. Hakuna damu iliyotoka. Kisha akabana nyaya kwenye zile sindano, akazungusha kidude kimoja cha kisanduku, na nikaona ngozi ya shingo ya wifi yangu ikianza kudunda yenyewe, polepole, kama kuna kitu chini yake kinachotaka kutoka. Nywele zilinisimama. Eustace akamuuliza anasikiaje.

"Kama kifaranga anadonoa," alisema Kristiana, na alikuwa anatabasamu.

Kile kidude cha kuzungusha kilikuwa na maandishi ya Kichina ambayo hata Eustace hakujua kuyasoma. Alikuwa amekitia alama mwenyewe kwa rangi, nyeupe upande wa polepole, nyekundu upande wa haraka. Alinieleza, kwa kuwa nilikuwa shahidi na shahidi huuliza. Kwa ugonjwa wa kichwa kama huu, yule daktari wake alitumia upande mweupe tu. Umeme wa taratibu unatuliza, alisema, lakini wa haraka hakuna ajuaye utaamsha nini. Kisanduku kilitumia betri za tochi, na zilipochoka Eustace alizianika juu ya bati kama sisi sote tunavyofanya.

Alituambia na jambo jingine, na nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu lilinikaa kooni miaka yote hii. Alisema sindano haichukui nafasi ya tembe. "Siku akiacha tembe ghafla, ugonjwa utarudi na ndugu zake." Akaongeza, bila aibu yoyote, kwamba hata hali ikiwa nzuri yeye hawezi kuapa kama ni umeme uliosaidia au ni zile tembe zilizomezwa kwa mpangilio kwa mara ya kwanza. Nilimdharau kidogo. Sikuwahi kumwona mganga anayekataa sifa.

Punje zilipungua. Miezi mitatu iliyofuata zilikuwa tano. Mwezi wa pili wa mwaka tisini na tano ilikuwa moja, kisha chupa ikakaa tupu. Mwezi ukapita, na mwingine, na mwingine. Kristiana alinenepa. Alianza kuimba akilima, na kuimba hajui, ila hakuna aliyemkataza. Kila Ijumaa tulikwenda kwa Eustace, na kila Ijumaa nilibeba chupa kifuani kama mtu aliyebeba sakramenti. Mjini walikuwa wameshasema kwamba kisanduku kinaponya kifafa. Tembe hazikutajwa na mtu, maana tembe kila mtu anazijua.

Mimi usiku nilimsikiliza Monika akipumua, nikahesabu miezi iliyobaki. Nilifurahi kwa ajili ya wifi yangu. Na nilitamani aanguke. Yote mawili yalikuwa kweli, na ninayaandika yote mawili.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu mwaka utimie, mwanzoni mwa mwaka tisini na sita, Kristiana aliponiambia njiani kwamba ananusa ulezi unaoungua. Ile ndiyo ilikuwa dalili yake tangu utotoni. Kabla ya kuanguka, siku moja au siku tatu kabla, pua yake ilileta harufu ya uji wa ulezi uliogandia chunguni. Alipofika kwa Eustace alimsihi amwongezee nguvu. Alisema kama polepole imemsaidia kiasi hiki, haraka itamaliza kazi. Eustace alikataa. Akasihi tena, akapiga magoti kwa mtu ambaye si mumewe wala padri, akasema ni wiki tatu tu. Eustace alikuwa na moyo laini, na siku ile moyo wake ulimkosesha. Alisogeza kidude upande mwekundu, kidogo tu.

Sauti ya kisanduku ilibadilika kutoka kudonoa hadi kuvuma. Kristiana alisema ni vizuri. Kisha akasema jina la mwanawe, mdomo ukapinda, na kitanda kikaanza kugonga ukuta. Eustace alizima, akang'oa nyaya na sindano upesi, akamlaza ubavu, akamwekea nguo chini ya kichwa. Aliniita nishike bega. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Aliniita tena kwa ukali, nikarudi, nikamshika, na povu likanigusa vidole. Aliniambia nitazame vizuri ili siku nyingine nijue. Usimtie kitu mdomoni. Mgeuze ubavu, uso usikandamizwe na chochote, ukae naye, uite watu. Basi. Nilitazama, nikajua. Nilinawa mikono mara saba, na sijaugua mpaka leo.

Kristiana alipopata fahamu, chupa ilikuwa mkononi mwangu na punje mkononi mwingine. Eustace alisema hiyo si ya mgonjwa, ni ya kwake yeye na mashine yake, isihesabiwe. Tulikuwa watatu tu chumbani. Ningeweza kuirudisha punje mfukoni na hakuna ambaye angejua. Nilimtazama wifi yangu, nikingoja aniombe.

"Tia," alisema. "Imetokea."

Nikatia. Mwaka ukaanza upya. Tulirudi nyumbani, na usiku ule nilimkumbatia Monika nikalala usingizi mzuri kuliko siku nyingi. Mungu anisamehe.

Ni mwaka huo huo nilipomfundisha Monika mchezo. Alikuwa anakaribia miaka mitatu, amejua kukimbia. Nilijiangusha uani, nikapiga miguu, nikatoa mate, na kazi yake ilikuwa kukimbia bila kunigusa hadi kwenye jiwe la kufulia, apande juu, asimame kimya, asishuke mpaka nimfuate na kumwambia njoo. Akifanya vizuri alipata kipande cha muwa. Alikuwa mtoto msikivu kupita kiasi. Siku moja nilimsahau nikaingia kutwanga, na nilipotoka alikuwa bado jiweni, mikono nyuma, akinitazama. Nilimsifu mbele ya mama. Mama Bertilla alisema sasa hata mama yake akimchukua, mtoto hatapata madhara.

Nilikuwa nimeshajua kumlaza mtu ubavu. Nilikuwa nimeshajua kwamba povu haliambukizi. Ningeweza kumfundisha mtoto akimbie akipiga kelele. Sikumfundisha hivyo, na mtu akiniuliza kwa nini, nitamjibu kwamba hofu niliyokua nayo ilikuwa na mizizi mirefu kuliko nilichofundishwa siku moja Milanzi.

Mwaka wa pili ulikwenda bila punje. Eustace hakugusa tena upande mwekundu, aliuziba kwa plasta. Krismasi ya tisini na sita Zenon alikuja kutoka Kasanga, na baba mkubwa akatuita wote. Alisema mwezi wa pili mwaka unatimia, na Jumapili itakayofuata mtoto atarudi kwa mama yake. Zenon aliinama akajifuta macho. Baba mkubwa akauliza kama kuna mwenye neno, jinsi watu wanavyouliza wakijua hakuna.

Mimi nilikuwa nalo.

"Na tembe, baba mkubwa? Mtu aliyepona anameza dawa?"

Watu waligeuka. Mama aliitikia kwamba ni kweli, mzima hamezi dawa. Mmoja baada ya mwingine wakaitikia, kwa sababu lilisikika kama neno la busara, nami nilikuwa shahidi. Zenon alisema tembe si kitu, lakini Zenon akishindana na ukoo sauti yake huwa ndogo. Baba mkubwa aliamua kwamba siku ya makabidhiano atamuuliza Kristiana mbele ya wote kama bado anameza, na akijibu bado, tungoje aache kwanza. Kristiana alikuwa anatazama mikono yake. Hakunitazama mimi.

Mwezi wa kwanza alimuuliza Eustace kuhusu kuacha. Nilikuwepo. Eustace alisema isifikiriwe kabla ya miaka miwili mingine, na hata hapo ni kupunguza kidogo kidogo kwa miezi, na yeye akiwa anamwona. Aliuliza kwa nini anauliza. Kristiana akasema anataka kujua tu, na huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia nao, kama ni uongo. Tulirudi hadi kijitoni. Pale jiweni akasimama.

"Wifi, baba mkubwa akiniuliza, nijibuje?"

Nilijua anachouliza. Alikuwa ananiomba ruhusa ya kudanganya neno moja, mimi shahidi, mimi ambaye ningeweza kusema ndiyo wifi, sema umeacha, nami nitanyamaza. Angeendelea kumeza kwa siri na mtoto angekuwa wake.

"Jibu ukweli," nilimwambia. "Kama kawaida yako."

Akaitikia kwa kichwa, akavuka.

Alikuwa na desturi ya kumeza tembe mchana, jua likiwa utosini, popote alipo, akinywea maji ya kibuyu. Jumatatu ya wiki ya mwisho tulikuwa wote shambani. Jua likafika utosini. Alishika kibuyu, akanywa maji, akakirudisha, akaendelea kulima. Jumanne hivyo hivyo. Niliona. Macho makali ya Adela yaliona, na mdomo wa Adela, ambao haujawahi kushindwa kusema, ulifungwa. Nilijiambia labda amemeza asubuhi.

Jumapili baada ya misa tulikusanyika uani kwa mama. Zenon alikuwa amerudi tena, na wiki nzima alikuwa akijenga jiko la udongo nyumbani kwake, limeinuliwa hadi kiunoni na kuzungushiwa ukuta, mtu asiweze kuangukia motoni hata akitaka. Watu walilitazama na kulisifu. Sote tulikuwa tunawaza moto. Baba mkubwa aliipokea chupa yangu, akaiinua juu watu waione ilivyo tupu. Kisha akauliza.

"Mama Monika, bado unameza tembe?"

"Simezi, baba mkubwa."

Wanawake walipiga vigelegele. Monika, amevaa gauni jipya la mitumba, alishikwa mkono na bibi yake na kupewa mama yake. Kristiana alimpakata, akaficha uso shingoni mwa mtoto, akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinua uso alikuwa amekunja pua.

"Nani anaunguza ulezi?" aliuliza.

Mama Bertilla alicheka, akasema mafiga yamezimwa tangu asubuhi, labda ni njaa. Wengine wakacheka pia. Kristiana akanitafuta kwa macho katikati ya watu, akanipata. Tulitazamana. Mimi nikainama kuokota vikombe.

Jumatatu Zenon alirudi Kasanga. Kitanda changu kilikuwa kikubwa na baridi. Jumanne sikulala, Jumatano sikulala. Alhamisi asubuhi, mvua ya siku mbili ikiwa imekatika, nilivaa kanga yangu ya kanisani nikaenda Milanzi peke yangu. Nilimwamkia Eustace shikamoo, nikakaa, nikamweleza yote, tembe, kikao, na ulezi. Hakunikaripia. Laiti angenikaripia. Alisimama, akafungua droo, akafunga tembe katika karatasi ya daftari, akaniwekea kiganjani na kuvifunga vidole vyangu yeye mwenyewe. Alisema ameze leo, sasa hivi, na asiachwe peke yake hata dakika moja. Akaniuliza ana siku ngapi bila tembe. Nikahesabu. Zilikuwa siku kumi na moja. Akaniambia nikimbie.

Nilikimbia, mwanamke mzima, viatu mkononi. Watu wa sokoni waliniuliza kuna msiba gani, nikasema hakuna. Nilipofika kwenye mteremko wa kijito nilimwona Monika.

Alikuwa amesimama juu ya jiwe. Mikono nyuma, miguu pamoja, kimya kabisa. Miguu yake ilikuwa na matope hadi magotini, na matope yale yalikuwa yamekauka, yameanza kupasuka na kudondoka. Niliona hilo kwanza, kabla ya uso wake. Alipoona nimemfikia alitabasamu, akanyoosha mkono kudai muwa.

"Nimeshinda, shangazi," alisema. "Sikumgusa."

Sikumjibu. Nilipita maji yakiniruka hadi kiunoni. Ulikuwa msimu wa kufunika nyasi na kupandisha yale matuta yetu ya duara, na baada ya mvua mifereji kati ya matuta hukaa na maji. Jembe lake lilikuwa juu ya tuta la nne, mistari ya matuta imenyooka vizuri kama alivyopenda. Yeye alikuwa amelala kifudifudi kwenye mfereji. Maji yale yasingefunika kisigino changu. Yalikuwa yamefunika mdomo na pua. Nilimgeuza ubavu kama nilivyofundishwa, nikafuta tope usoni kwa kanga ya kanisani, nikamtia kidole kinywani kutoa udongo. Nikafungua karatasi ya Eustace. Nadhani nilikusudia kumpa tembe. Zilimwagikia majini, na hapo ndipo nilipoanza kupiga kelele.

Watu walikuja. Mama Bertilla alikuja, na wanaume wa majirani wakaleta machela ya miti. Baba mkubwa alifika, akavua kofia. Mmoja aliuliza kama moto ulikuwa umewashwa, na mwingine akamjibu kwamba jiko halijaguswa. Walimpeleka ndani, wanawake wakamwosha, mimi nikashika lile kovu la mkono wa kushoto na kulisugua kana kwamba lingetoka. Mtu alitumwa kumtafuta dereva wa lori la Kasanga ampelekee Zenon habari. Mvua ikaanza tena, kubwa, ile ya alasiri inayopiga bati watu wasisikilizane. Tulilia, tukaimba, tukapanga nani atachimba.

Ilikuwa inaelekea saa kumi na moja mama aliposhika mlango na kuuliza Monika yuko wapi. Waliovuka walimwona jiweni, na kila mtu alidhani mwenzake amemchukua.

Nilitoka nje katika mvua ile bila kitu kichwani. Kijito kilikuwa kimepanda, maji yanagonga ukingo wa jiwe. Gauni lake la mitumba lilikuwa limemganda mwilini, midomo imekuwa ya kijivu, anatetemeka mwili mzima, na mikono yake ilikuwa bado nyuma. Hakuwa ameshuka. Nilikuwa sijamwambia njoo.